Kabla ya Baridi: Imani, Mwili na Giza la Kaskazini

(Mhadhara uliotolewa mwezi wa Oktoba kwa mkusanyiko wa waumini wanaozungumza Kiswahili nchini Uswidi)

    

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na ni mwana wa kanisa. Nimeombwa niseme juu ya ile hali inayotushika kuanzia Novemba: mtu analala usiku kucha na bado anaamka amechoka, hapokei simu, hataki wageni, anakula mkate na ugali kupita kawaida yake, na ibada aliyokuwa akiipenda inageuka mzigo. Nina mambo matatu ya kuonyesha. Hali hii huanzia mwilini. Maandiko yanaijua, na yanaitibu kwa kuanzia mwilini. Na ratiba za makanisa yetu, tulizobeba kutoka Bukavu, Bujumbura, Kigoma na Nairobi, zinaizidisha. Hilo la tatu najua litatuletea ubishi, na ndilo hasa lililonileta.

Hoja ya kwanza: mwili unakosa mwanga

Mwaka 1976 daktari kijana aitwaye Norman Rosenthal alihama Afrika Kusini kwenda New York kusomea magonjwa ya akili. Majira ya baridi yalipoingia nguvu zikamwishia na kazi zikamlemea. Theluji ilipoyeyuka akawa mtu mwingine. Miaka iliyofuata ikawa vilevile. Mwaka 1984, akiwa katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, yeye na wenzake walichapisha makala iliyoeleza ugonjwa huu kwa wagonjwa 29 na kuupa jina la kitabibu. Aliyezaliwa Johannesburg ndiye aliyewaeleza watu wa Kaskazini kinachowasumbua kila mwaka. Mgeni naye ana faida zake.

Jicho lina kazi mbili. Ya kwanza ni kuona. Ya pili ni kuuarifu ubongo kwamba sasa ni mchana au ni usiku, ili upange usingizi, njaa na uchangamfu wetu. Gizani ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ile ya usingizi, na mwanga mkali huizuia. Kule kwetu kazi hii ilifanyika wala hatukujua. Bujumbura au Kigoma, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa kwa mwaka mzima haifiki saa moja, ndiyo maana tunahesabu saa kuanzia macheo na hesabu haitukosei. Sasa ijaribuni hesabu hiyo Stockholm tarehe 21 Desemba: jua linachomoza karibu saa tatu kasoro robo asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama. Umeå wanapata mchana wa kama saa nne na nusu. Kiruna jua halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa.

Mchukueni mama mmoja wa kwetu, na hapa simsemi mtu fulani, maana mko wengi. Anafanya usafi maofisini. Anapanda basi saa kumi na moja alfajiri, giza. Anafanya kazi ndani chini ya taa. Anarudi saa nane mchana, na kwa kuwa nyumba yake iko ghorofa ya chini na wapita njia huchungulia, anashusha pazia, anajilaza kidogo. Anapoamka watoto wametoka shule na nje ni usiku. Anasonga ugali, anapasha moto sombe iliyokuwa kwenye friza, anakaa na simu hadi usiku wa manane kwa sababu usingizi wa mchana umemharibia wa usiku. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa macho yake ni kama hayajauona mchana. Taa ya sebuleni hutoa mwanga wa luksi mia moja hadi mia tatu hivi. Nje, hata mawingu yakitanda, mchana hufika elfu moja, mbili na kuendelea. Jua la saa sita mchana kule Dar es Salaam linaweza kufika laki moja.

Halafu mama huyu anakuja kwenye maombi na kusema amerogwa, au ana roho ya uzito. Anaombewa. Aprili anapona, na ushuhuda unatolewa mbele ya kanisa. Sibishani na ushuhuda wake. Ila Novemba inayofuata anaanguka tena, na safari hii anaona haya kusema, maana alishashuhudia kwamba amepona. Ile haya ndiyo inayomleta kwetu hospitalini amechelewa.

Niseme neno juu ya vitamini D, maana nikiliacha nitaulizwa mlangoni. Katika nchi hii, tangu Oktoba hadi Machi hivi, jua liko chini mno kuifanya ngozi itengeneze vitamini hiyo, na ngozi nyeusi huitengeneza polepole zaidi hata wakati wa kiangazi. Kwa hiyo tule samaki wenye mafuta, sill, makreli na salmoni. Tunywe maziwa yaliyoongezewa. Watoto hadi umri wa miaka miwili wapewe yale matone yao bila kukosa. Na watu wazima tuulize kituo cha afya kama tunahitaji vidonge. Mifupa inaihitaji. Lakini asiwadanganye mtu kwamba vidonge hivyo vinaondoa huzuni ya baridi, hilo halijathibitishwa. Mwanga unaosaidia huzuni hii huingia kupitia macho.

Hoja ya pili: Maandiko yanaanza na mkate

Fungueni 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli kwa ushindi ambao mhubiri yeyote angeutamani, na Yezebeli amemtumia ujumbe wa kumuua. Anakimbia hadi Beer-sheba. Angalieni anachofanya pale, maana tunakipita haraka tunaposoma: anamwacha mtumishi wake. Kisha anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu, anaomba afe, analala.

Mimi nikisoma kwa macho ya kazi yangu naona mgonjwa. Amechoka, amejitenga, anaona maisha hayana maana, analala. Je, malaika alifanya nini? Hakumhubiria. Hakumwuliza imani yake ya Karmeli imekwenda wapi. Alimgusa, akamwambia aamke ale, na pale kichwani palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamwacha alale. Akarudi mara ya pili kwa chakula, na safari hii akamwambia kwamba mwendo ulio mbele ni mkubwa kuliko nguvu zake. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye kabisa, Horebu, baada ya siku arobaini za kutembea kwa miguu. Usingizi, chakula, kutembea, kisha neno. Na kwenye lile neno palikuwamo mtu: Elisha mwana wa Shafati, ambaye tangu siku ile hakumwacha Eliya hadi mwisho wa safari yake. Aliyemwacha mtumishi Beer-sheba alipewa mwenzi.

Mtume Paulo naye, katika waraka wa pili kwa Timotheo, yuko kifungoni, anajua saa yake imekaribia. Sura ya nne ina maneno makubwa juu ya vita na taji, na wengi tumeyasikia misibani. Teremkeni mistari michache. Anamwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo. Amletee vitabu, hasa vile vya ngozi. Aje na Marko. Na afanye bidii aje kabla ya majira ya baridi. Nguo nzito, kitu cha kusoma, watu, na mapema. Mtume aliyeandika juu ya nguvu inayokamilishwa katika udhaifu hakuona aibu kuomba koti.

Na kama kuna anayedhani mwenye imani hapaswi hata kulia gizani, asome Zaburi 88 hadi mwisho. Zaburi nyingine nyingi za maombolezo hupata upenyo wa sifa mahali fulani. Hii inakwisha gizani, na kanisa halikuiondoa katika Biblia.

Waliotutangulia walilijua hili. Martin Luther, mwaka 1530, alimwandikia Jerome Weller, mwalimu wa watoto wake aliyekuwa amezama katika huzuni, akamshauri akimbie upweke, atafute watu, afanye mzaha, acheze, na hata anywe zaidi kidogo. (Hapo kwenye kunywa namwona mzee wetu amekunja uso. Tuiache sehemu hiyo na Walutheri.) Charles Spurgeon wa London, mhubiri aliyejaza maelfu ukumbini, aliugua sonona kwa miaka mingi na alifundisha wazi wanafunzi wake wa uchungaji kwamba jambo hili litawapata. Majira ya baridi alikuwa akienda Menton, kusini mwa Ufaransa, kutafuta jua na nafuu ya mwili, na huko ndiko alikofia mwaka 1892. Sijasikia aliyesema Spurgeon hana upako.

Hoja ya tatu: ratiba zetu ni za ikweta

Hapa naomba uvumilivu wenu. Makanisa mengi ya Kivu yana mizizi katika nchi hizi za Kaskazini. CEPAC ilitokana na wamisionari wa Kipentekoste wa Uswidi, CELPA na wale wa Norwei. Wazee wale walipofika kwetu walikuta mbu. Walisali sana, na walimeza kwinini, na walilala ndani ya chandarua. Sijasikia mmoja wao akihubiri kwamba kwinini ni kukosa imani. Leo sisi tumekuja kwao, tumekuta giza, na tunataka kulishinda kwa maombi peke yake, tena yafanyike usiku.

Angalieni kalenda yetu ya baridi. Novemba, mkesha kila Ijumaa. Desemba, mkesha wa Krismasi na mkesha wa Mwaka Mpya. Januari, kufunga siku 21. Mkesha wa Ijumaa huko Goma au Bujumbura ulikuwa na mantiki: kulipambazuka saa kumi na mbili, jua likatupiga tukitembea kurudi nyumbani, na saa ya mwili ikajirekebisha. Hapa tunatoka kanisani saa kumi na mbili asubuhi, giza. Tunalala hadi saa nane. Tunapoamka mchana umebakiza dakika chache. Jumamosi imepotea, na Jumapili ibada inaanza saa nane mchana kwa sababu tumekodi ukumbi wa wengine, tunatoka usiku. Mtu anayekaribia kuzama, tumemnyang'anya mchana wa siku zake mbili za mapumziko.

Kuhusu kufunga, sina neno dhidi ya kufunga. Nina neno dhidi ya Januari. Mgonjwa wa huzuni hii amechoka na amejitenga. Ukimwondolea chakula kwa siku 21, ukampa na sababu ya kiroho ya kukaa chumbani peke yake, umemrudisha chini ya mretemu na malaika umemzuia. Kwaresima ipo. Huangukia Februari hadi Aprili, mwanga unarudi kila siku, na Wakristo wengi ulimwenguni hufunga pamoja nasi. Na atakaye mkesha, Juni ni mwezi wake: Stockholm jua linazama saa nne usiku na kabla ya saa kumi alfajiri limerudi. Mtakesha na hamtasinzia. Nikisema giza lenyewe halipo, msinicheke, hata shetani atakosa pa kujificha.

Wenyeji wetu wana hekima hapa ambayo tumeipita tukidhani ni mapambo. Majilio yakifika wanawasha taa za nyota madirishani nchi nzima. Tarehe 13 Desemba, siku ya Lucia, ambayo kwa kalenda ya zamani iliangukia karibu na usiku mrefu kuliko wote, watoto na vijana wanaamka alfajiri, wanavaa nyeupe, wanaimba wamebeba mishumaa. Mshumaa hautibu, luksi zake hazifiki popote. Kinachosaidia ni kwamba watu wameamka mapema, wamevaa, wametoka na wako pamoja. Umeå mwaka 2012 kampuni ya umeme iliweka taa za tiba kwenye vituo vya basi, watu wakisubiri basi wapate mwanga. Na Rjukan, kule Norwei, mji uliozama bondeni na usiopata jua moja kwa moja tangu Septemba hadi Machi, waliweka vioo vitatu juu ya mlima mwaka 2013 kulielekeza jua kwenye uwanja wa mji. Kabla ya hapo, mwaka 1928, palijengwa gari la kamba kuwapandisha watu mlimani wakaone jua. Nawaza jinsi wazee wa mji walivyokaa kikao na kuamua kwamba kuota jua ni jambo la kulipia fedha. Sisi kikao kama hicho hatujakaa.

Nyongeza: daktari na mchungaji

Hii ni fupi, lakini msilale. Ukiona uzito huu umekaa zaidi ya wiki mbili, karibu siku nzima, kila siku, na kazi au watoto vinakushinda, hiyo huenda ni sonona na inahitaji tiba. Piga 1177, simu ya ushauri wa afya, au nenda kituo cha afya. Mojawapo ya tiba ni taa ya luksi 10,000, unakaa mbele yake nusu saa asubuhi mapema, macho wazi bila kuikodolea. Unaweza kusoma Biblia yako hapo hapo. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kupandwa na wazimu wa furaha kupita kiasi, amwone daktari kwanza, kwa maana taa inaweza kumgeuzia hali. Dawa zipo. Tiba ya mazungumzo ipo pia, inayomfundisha mtu kubadili fikra na mazoea yake ya baridi. Huko Vermont, Marekani, Kelly Rohan na wenzake waliilinganisha na taa kwa watu 177. Majira yale ya kwanza zote mbili zilisaidia sawa. Baada ya majira mawili, waliorudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 27 kwa waliofundishwa, na 46 kwa waliotumia taa. Wachungaji, mnaona nafasi yenu hapo? Mazoea na fikra ni kazi mnayoifanya kila wiki.

Mtu akikuambia anatamani kufa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake. Hatari ikiwa ya papo hapo, 112. Anayetaka kuzungumza na mtu, 90101. Na msimkemee. Eliya aliomba kufa, akapewa mkate.

Tunachoweza kuanza nacho

Saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Nimezungumza na wazee wawili na mchungaji mmoja kabla ya kupanda hapa, na tumekubaliana kuleta mambo haya mbele yenu ili myajadili, myakatae au myaboreshe.

Kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Novemba, saa tano asubuhi, tukutane mlangoni mwa kanisa tutembee saa moja, kwa mwendo wa bibi, tukiomba au tukipiga soga. Mvua si sababu ya kubaki. Waswidi wamevaa makoti mazito miaka yote na wamefika. Baadaye chai na maandazi humu ndani. Mkesha wa Ijumaa uhamie Juni. Mfungo wa Januari uhamie Kwaresima, na Januari tufanye kinyume chake: kila familia ialike familia nyingine kula mara moja kabla mwezi haujaisha, na vijana wanaoishi peke yao waalikwe kwanza. Makoti ya watoto wetu yaliyowabana yaletwe ofisini sasa, kabla wageni wapya hawajafika bila hata soksi. Wanaofanya kazi za alfajiri watoke nje dakika ishirini wakati wa mapumziko, na wawili wanaofanya kazi jirani wapigiane simu kukumbushana. Kila mshirika awe na mwenzi mmoja anayemtafuta akikosekana Jumapili mbili, kwa kubisha hodi mlangoni, maana simu hazipokelewi.

Machi, saa zikisogezwa mbele, tukutane tena tuulizane ni nani walipotea safari hii, na kama ni wachache kuliko mwaka jana. Kama si wachache, tutabadilisha mpango, wala hatutawalaumu waliopotea.

Karatasi ya majina ya watembeaji iko mezani karibu na birika la chai. Kalamu zimefungwa kamba, na sababu mnaijua.